Mashirika madogo ya usanifu na mipango ya mji wa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni mojawapo ya mashirika haya, hapa Lubumbashi, Congo. Maswali haya tumeyakusanya kwenye mikutano ya kartie (mitaa) za Katuba, Kampemba na Annexe, kwenye foleni za kadastri (ofisi ya upimaji wa ardhi), na kutoka kwa wanafunzi wanaokuja kuomba staji (mafunzo ya kazi) kwetu. Mengine tunaulizwa kila wiki. Tumeyajibu vile tunavyoyajibu mdomoni, ila tumeyapanga: ya msingi kwanza, magumu mwishoni. Pale jibu moja linapotegemea jingine, tumeandika namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Shirika dogo la usanifu ni nini?

Ni kundi la watu wachache, mara nyingi hawafiki kumi, wenye ufundi wa kuchora na kupima: msanifu majengo, mpima ardhi, fundi mwashi, mchora ramani, na mtu anayejua kukaa na watu na kusikiliza. Halijengi barabara kuu wala halitoi vibali. Linatazama mahali watu wanapoishi, linauliza, linapima, linachora, linajaribu jambo kwa kipimo kidogo, kisha linapeleka kilichoonekana kwa wenye mamlaka kwa namna wanayoweza kuitumia.

Udogo wenyewe una faida. Watu sita wanaweza kushinda kwenye avenue moja miezi minne mpaka watoto wawajue kwa majina. Idara inayohudumia komini (sehemu za utawala) zote saba za Lubumbashi haina muda huo hata ikiwa na wataalamu wazuri, nayo wataalamu wazuri inao.

2. Kupanga mji si kazi ya serikali?

Ni kazi ya serikali, na ibaki hivyo. Katiba ya 2006 na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo yaliyogatuliwa zimeufanya mji na komini kuwa maeneo yenye utawala wao. Meya, burugumesta (mkuu wa komini), huduma za urbanisme (mipango miji) na kadastri ndio wenye sahihi. Sisi hatuna sahihi yoyote.

Tatizo liko kati ya sahihi hiyo na uwanja wa Mama anayekaa Kisanga. Kwa miongo mingi kazi ya urbanisme imeegemea dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, iliyoandikwa kabla ya uhuru kwa ajili ya mji mdogo kuliko huu kwa mbali. Ofisi inasubiri mtu alete faili lililokamilika. Mkazi hajui faili hilo linafananaje, wala hana pesa ya kulipia mtu wa kulitengeneza. Hapo katikati ndipo tunapofanya kazi.

3. Mnatofautianaje na msanifu wa kawaida, au na shirika kubwa la misaada?

Msanifu wa kawaida anaajiriwa na mwenye parseli (kiwanja), anachora hadi kwenye ukuta wa parseli hiyo na kusimama. Sisi tunaanzia nje ya ukuta: mfereji, njia, kisima, uwanja wa watoto, mahali mamama wanapouzia bunga (unga) na makala (makaa). Vitu hivi havina mwenyewe wa kulipa msanifu, ndiyo maana hakuna anayevichora.

Shirika kubwa la misaada huja na mradi uliokwisha kuandikwa: visima idadi fulani, vyoo idadi fulani, ndani ya miezi fulani. Visima hivyo vimeokoa watu na hatuna neno baya juu yake. Ila yule aliyeahidi visima ishirini hawezi kusikia kwamba kartie hii inahitaji kalavati moja (njia ya maji chini ya barabara).

4. Wazo hili lilitoka wapi?

Lina matawi mengi. Tawi moja linalojulikana lilikua Marekani miaka ya 1960, wakati barabara kuu na miradi ya kubomoa mitaa ilipokuwa inawahamisha watu weusi na maskini. Huko New York, kituo cha Pratt kilianza 1963, na mwaka uliofuata wasanifu wakaanzisha kamati ya Harlem ili wakazi wawe na mtaalamu wa upande wao mezani. Mwaka 1965 Paul Davidoff, mtaalamu wa mipango miji, aliandika kwamba kila kundi la wananchi linastahili kuwa na mpangaji wa kulitetea, kama vile mtu alivyo na wakili mahakamani.

Tawi jingine ni la wakazi wenyewe: mashirikisho ya watu wa mitaa duni ya India, Afrika Kusini, Kenya na Zambia, ambao walianza kwa kuweka akiba pamoja na kujihesabu nyumba kwa nyumba, kisha wakatafuta wasanifu. Sisi tunajiona karibu zaidi na tawi hili la pili, kwa sababu Lubumbashi nayo inajua likelemba (kuchangiana akiba kwa zamu) na kukopeshana.

## Lubumbashi yenyewe

5. Kwa nini mji wetu una sura hii: katikati mistari iliyonyooka, pembeni vurugu?

Hili tunalijibu kwa urefu kila mara, maana bila kulielewa hutaelewa kwa nini maji yanakuja kulala kwako.

Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka reli kutoka kusini ilipofika hapa. Mwaka uliofuata tanuru la Union Minière, kampuni ya migodi, lilianza kutoa shaba kando ya mto Lubumbashi. Emile Wangermée, aliyekuwa mkuu wa Katanga, aliutaka mji wa barabara pana zinazokatana sawasawa, na ndiyo barabara unazotembea leo ukienda posta. Mistari hiyo ilichorwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika waliwekwa kando, na baina yao ikaachwa ardhi tupu yenye upana wa mamia ya mita, zone neutre (ukanda wa kutenganisha). Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, eti mbu wa malaria asivuke. Kilichozuiwa kuvuka walikuwa watu.

Kamalondo ikakua ng'ambo ya ukanda huo, kisha Kenya, kisha Katuba na Ruashi. Wafanyakazi wa kampuni walikaa kambini, wa mji walikaa cité (mitaa ya Waafrika). Kila kipande kilichorwa peke yake, na mifereji yake peke yake. Jina lilipobadilika kuwa Lubumbashi mwaka 1966, vipande vilibaki vilevile. Kampuni ilipodhoofika na watu kuongezeka, mji ulitanuka kuelekea Annexe bila mtu kuchora, na hiyo ndiyo inayoitwa vurugu.

Sisi hatuiiti hivyo. Nenda Kalebuka au Kasungami utaona avenue zimepimwa kwa hatua za mguu, parseli zimegawanywa, chefu wa avenue anajua nani anakaa wapi. Mpango upo. Kilichokosekana ni mfereji unaojua unamwaga wapi, kwa sababu mfereji hauwezi kupangwa na parseli moja. Mji wetu uko juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, ardhi karibu ni sawa, maji hayana haraka ya kuondoka. Mvua ya Novemba hadi Machi inajaa polepole kwenye msingi wa nyumba ya matofali ya udongo wa kichuguu, na ukuta unalainika kutoka chini.

6. Mkifika kwenye kartie mnaanza na nini?

Na salamu kwa chefu wa kartie, halafu na miguu. Wiki mbili za kwanza hatuchori kitu. Tunatembea asubuhi na mamama wanaoenda kuteka maji, mchana na watoto wanaotoka shule, jioni na vijana. Kila kundi linakanyaga mji tofauti. Mama anajua kisima gani kinabadilika rangi mvua ikinyesha na choo cha nani kiko karibu nacho, na katika jimbo ambamo kipindupindu hurudi tena na tena, hiyo ni habari ya kwanza kuandikwa. Mtoto anajua njia ya mkato iliyo nyuma ya ukuta. Papa mwenye nyumba mara nyingi anajua mipaka ya parseli yake na si zaidi, na hatusemi hivyo kwa kumdharau. Ndicho alichohangaikia maisha yake yote.

Baada ya hapo tunapima na kuchora kwa skeli ya 1 kwa 500, sentimita moja ya karatasi ikiwa mita tano za ardhi. Skeli hiyo tuliichagua kwa sababu mtu anaweza kuliona jiko lake. Ramani ya mji mzima inamwonyesha mkazi kwamba mji ni mkubwa na yeye ni mdogo. Hatoi neno lolote.

Kisha chokaa. Mchoro ukipendekeza kwamba njia ipanuliwe hadi mita sita, hatubandiki karatasi ukutani. Tunachukua mfuko wa chokaa na kuchora mstari chini, mahali penyewe, na kuuacha siku tatu. Watu wanatoka asubuhi wanakuta mstari umepita katikati ya jiko la jirani. Hapo ndipo mkutano wa kweli unapoanza, na mara nyingi mstari unasogezwa.

7. Kwa nini mnapoteza miezi kwa maswali wakati tunahitaji mfereji sasa?

Tunaelewa hasira iliyo ndani ya swali hili, na mtu aliyeamka na maji ya magoti chumbani ana haki ya kuuliza hivyo.

Jibu letu ni kosa letu. Katika avenue moja ya Katuba tulichora mfereji upande wa kushoto kwa kufuata kipimo cha mwinuko tulichochukua kiangazi. Kipimo kilikuwa sahihi. Mama mmoja muuza mboga alituambia maji yatatoka kulia, tukamshukuru na kuendelea. Alikuwa anajua tusichokijua: nyuma ya soko watu walikuwa wamejaza vifusi kwa miaka, na mvua ikiwa kubwa maji hurudi yalikotoka. Mvua ya kwanza ilijaza nyumba nne za upande wa kulia. Tulichimba upya kwa pesa zetu na kwa aibu. Tangu siku hiyo hatuchimbi kabla ya kuona msimu mmoja wa mvua na kuzungumza na watu ambao biashara yao iko chini, mbele ya maji.

Kama hatari ni ya leo, kwa mfano ukuta unaotaka kuanguka au shimo la mafundi matofali lililojaa maji karibu na shule, hatusubiri. Tunaweka uzio, tunamwita burugumesta, na michoro inafuata.

8. Mbona mnachora vitu vidogo vidogo, si mpango wa mji mzima?

Kwa sababu mpango wa mji mzima hauhitaji watu sita, unahitaji dola yenye idara, sheria na bajeti. Pia kwa sababu kitu kidogo kinapimika. Kalavati ikifanya kazi mvua mbili, mhandisi wa mji anaweza kuja kuiona, kuipima na kuirudia avenue nyingine. Mpango wa kurasa mia tatu hauwezi kujaribiwa na mtu.

Lakini tunakiri mpaka wa njia hii. Kalavati ishirini nzuri zisizojuana zinaweza kulipeleka tatizo lote kwa watu wa bondeni, kwenye mto Naviundu kwa mfano. Ndiyo maana kila mchoro wetu unaonyesha maji yanaenda wapi baada ya kutoka kwetu, hata kama huko si eneo letu, na nakala inapelekwa kwa chefu wa kartie ya chini. Kuna chefu aliyeikataa nakala hiyo na kutulazimisha turudi mezani. Alikuwa sahihi.

## Ardhi na karatasi

9. Mkichora parseli yangu kwenye ramani yenu, ninapata haki?

Hapana. Tafadhali mwambie na jirani.

Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, ardhi yote ya Congo ni mali ya dola. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, certificat d'enregistrement (hati ya usajili), inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya chefu, barua ya mauzo yenye mashahidi na fishi (kadi) ya parseli zina uzito wa kijamii na zinasaidia kufungua faili, lakini si certificat. Ukishaipata, baada ya miaka miwili haiwezi tena kupingwa kirahisi.

Ramani yetu inaweza kusaidia kwa njia moja: inaonyesha kwamba ninyi mpo, mpaka wenu na wa jirani mmekubaliana, na njia ya umma imeachwa. Faili la avenue nzima lenye mchoro mmoja uliokubaliwa ni jepesi kulishughulikia kuliko mafaili arobaini yanayogombana.

10. Ramani yenu haitawasaidia wabomoaji kutufikia?

Inaweza. Ni swali zito kuliko yote kwenye ukurasa huu na hatulijibu kwa maneno ya kutuliza.

Mtaa usio kwenye ramani hauonekani na anayetaka kuleta maji. Pia hauonekani haraka na anayetaka kuuza ardhi hiyo kwa mwingine. Ukiuchora, unaonekana na wote wawili. Kwa hiyo tuna kanuni tatu tusizozivunja. Wakazi ndio wanaoamua nini kichorwe, na kura inapigwa kabla ya kipimo cha kwanza. Majina ya watu na namba zao hayaingii kwenye ramani ya umma, yanabaki kwenye daftari la kamati ya avenue. Na mtaa ukiwa chini ya nyaya kubwa za umeme, kwenye ukingo wa mto au ndani ya mpaka wa kibali cha mgodi, tunawaambia hivyo waziwazi kabla ya kuanza, hata kama baadaye hawatatuita tena.

Zipo kartie zilizokataa ramani baada ya maelezo hayo. Tuliheshimu, tukawasaidia tu kuchimba mtaro.

11. Ni bora kuwa ASBL (shirika lisilo la faida) au kampuni?

Ukitegemea ruzuku na michango, ASBL chini ya sheria nº 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Hadhi yake ya kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, na faili linahitaji uvumilivu. Ukitaka kuuza michoro na kushindania zabuni, kampuni. Wengine wana zote mbili, na vitabu vya hesabu viwili vilivyotenganishwa kabisa. Usizichanganye.

## Pesa

12. Nani anawalipa?

Watu wa aina tatu: wafadhili wa nje, wateja wa kawaida ambao tunawachorea nyumba kwa bei ya soko, na kidogo sana wakazi wenyewe. Nyumba za wateja ndizo zinazolisha miezi ya kutembea bila kuchora tuliyoieleza kwenye swali la 6, kwa sababu ni vigumu kumpata mfadhili anayekubali mstari wa bajeti unaoitwa kusikiliza.

Pesa za kampuni za migodi tunaulizwa sana. Tunazikubali kwa masharti: kampuni haichagui mahali, haioni daftari la majina, na haiweki bango kubwa kuliko la kartie. Mara mbili sharti la kwanza limekataliwa, tukaachana.

13. Wakazi wanaofanya kazi wanalipwa?

Kazi ya ufundi inalipwa, kwa siku, kwa bei ya mji. Mwashi wa kartie si mtu wa kujitolea kwa sababu tu anakaa karibu. Kusafisha mfereji wao wenyewe ni salongo (kazi ya pamoja ya jamii), na hiyo wanaipanga wao. Wazee wengi wanaisikia salongo kwa masikio ya zamani, ya kushurutishwa chini ya Mobutu, kwa hiyo neno hilo hatulitumii mpaka wao walitumie kwanza.

14. Kwa nini mashirika kama yenu hufa haraka?

Kwa sababu mradi mmoja mkubwa huwafanya wawe wakubwa, na wakiwa wakubwa wanahitaji mradi mwingine mkubwa kulipa mishahara. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Architecture for Humanity, lililoanzishwa Marekani 1999, likajenga shule na zahanati nchi nyingi, na Januari 2015 likafunga milango kwa kukosa pesa. Matawi yake mengi katika miji mbalimbali, yale ya watu wachache wa kujitolea, yaliendelea. Sisi tumeandika kwenye katiba yetu idadi ya juu ya wafanyakazi.

## Mifano

15. Kuna mahali kazi ya namna hii imebadilisha mpango rasmi wa serikali?

Nairobi, mtaa wa Mukuru. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, baada ya miaka ya wakazi wa shirikisho la Muungano wa Wanavijiji kujihesabu, kukusanya ushahidi na kudai. Ni kaya zipatazo 100,000. Kaunti haikuajiri ofisi moja kubwa: kazi iligawanywa kwa makundi ya mashirika, vyuo vikuu na idara, kila kundi na mada yake, maji, afya, nyumba, ardhi, na wakazi wakajadili kuanzia ngazi ya majirani. Swali gumu lilikuwa upana wa barabara. Viwango vya kawaida vingehamisha watu wengi mno, basi mpango ukakubali barabara nyembamba zaidi.

Sisi huku tunalichukua somo hilo la upana kuliko yote. Kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya mitaa ya Wazungu ya 1957 kikitumika Kasungami, kitabomoa nyumba kwa jina la kuziboresha.

Kibera nako, mtaa mwingine wa Nairobi, Kounkuey Design Initiative, iliyoanzishwa 2006 na wanafunzi sita wa usanifu, imejenga viwanja vya umma kando ya mto: uwanja wa watoto, maji, vyoo, vibanda vya biashara, na kikundi cha wakazi kinachokusanya ada na kutunza. Tunachokipenda ni mpangilio huo: kibanda cha kuuza ndicho kinacholipia uwanja wa kucheza.

16. Na Zambia hapo jirani?

Zambia ilipitisha sheria mwaka 1974 inayoruhusu mtaa uliojengwa bila mpango kutangazwa eneo la kuboreshwa, na wakazi kupewa leseni ya kukaa badala ya kuhamishwa. Ilitekelezwa kwa kusuasua, na mwaka 2015 nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya ya mipango, lakini mlango bado upo kwenye sheria. Huku kwetu shirika dogo linabisha ukuta mahali ambapo Lusaka kuna mlango, na hilo ndilo tungependa wabunge wa jimbo walizungumzie.

17. Congo yenyewe haina mfano?

Ipo shule ya msingi ya Ilima, ndani ya msitu, iliyosanifiwa na MASS Design Group, kundi la wasanifu la Marekani, pamoja na shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation na kumalizika 2015. Kufika huko na shehena ya saruji ni taabu, basi karibu kila kitu kilitengenezwa kwa mbao na udongo wa hapohapo, na mafundi wa hapohapo. MASS ndilo lililochora hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa 2011 kwa mawe ya volkano yaliyochongwa kwa mkono.

Lubumbashi tuna Picha, kituo cha wasanii kilichoanzisha bienale (maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili) ya mji wetu. Si shirika la mipango miji. Ila msanii Sammy Baloji na wenzake, kwa kuweka picha za zamani za kambi na viwanda mbele ya magofu ya leo, walitufundisha kuuangalia mji kama kitu kilichochorwa na mtu, kwa hiyo kinachoweza kuchorwa tena. Wengi wetu tuliingia kazi hii kupitia mlango huo.

18. Tujenge nusu nyumba kama Chile?

Mwaka 2004 huko Iquique, kundi la Elemental la msanifu Alejandro Aravena liliwajengea familia 93 nusu ya nyumba, ile ngumu, yenye jiko, bafu na ngazi, na kuacha nafasi ya nusu nyingine ijengwe na familia. Ni wazo zuri, nalo Katanga si geni: kila mtu anayejenga hapa anaanza na vyumba viwili na nondo zinazochungulia juu. Kinachokosekana kwetu si kujua kujenga polepole. Ni mtu wa kuhakikisha ile nusu ya kwanza iko juu ya maji, na shimo la choo liko mbali na kisima. Anza na hayo mawili.

## Hali ngumu

19. Kartie yetu iko karibu na mgodi au tanuru la zamani. Mtatujengea uwanja wa watoto?

Si kabla ya kupima udongo. Moshi wa tanuru ulipeperushwa na upepo wa kusini-mashariki kwa karibu karne nzima, na upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Penga Penga, hata majani yaliacha kuota mahali pengine. Udongo ule una shaba, kobalti na risasi. Mtoto anayecheza chini anakula udongo kwa vidole.

Pale vipimo vinapokuwa vibaya, tunachoweza kuchora ni kidogo na tunakisema: kufunika kwa udongo safi uliotoka mbali, sakafu ngumu, mahali pa kunawa kabla ya kuingia nyumbani, miti ya kuzuia vumbi. Hiyo haifuti sumu. Kudai fidia na usafishaji ni kazi ya wanasheria na ya serikali, na mchoro wetu hauwezi kushika nafasi yao. Tumekataa kazi mbili za namna hii kwa sababu mlipaji alitaka uwanja wenye rangi nzuri bila vipimo.

20. Mchoro wenu ukileta hasara, nani anajibu?

Sisi. Kila mchoro una jina na sahihi ya aliyeuchora, tarehe, na neno moja kati ya mawili: "wazo" au "kwa kujenga". Mchoro wenye neno "wazo" usipewe fundi. Tazama swali la 7.

21. Nimemaliza chuo, nina kompyuta, nataka kuanza. Nianze wapi?

Usianze na jina wala nembo. Chagua avenue moja unayoweza kuifikia kwa miguu, ichore yote kwa 1 kwa 500, pamoja na visima, vyoo, miembe na maduka. Waonyeshe wanaokaa hapo na uhesabu makosa watakayoyataja. Watakapoanza kukuomba nakala, tafuta mwenzako mpima ardhi na mwashi mzee. Programu huru za ramani na OpenStreetMap (ramani huru ya mtandaoni) zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Huko Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, tangu 2015, umetumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa yenye mafuriko kwa zana hizohizo.

22. Mnaondoka lini?

Tarehe ya kuondoka tunaiandika siku ya kwanza, kwenye karatasi ileile ya makubaliano. Kabla ya hapo kamati ya avenue inapokea vitu vinne: michoro ya asili, siyo nakala, orodha ya kila kifaa na duka kilikonunuliwa, ufunguo wa kibanda cha maji, na daftari la kuandika kila wanaposafisha mfereji.

Tunarudi mara moja tu bila kuitwa, baada ya mvua kubwa ya kwanza, asubuhi. Mwaka jana tulifika tukakuta ufunguo uko kwa Mama wa mboga tuliyemtaja kwenye swali la 7. Alitufungulia, akatuonyesha kwenye daftari kwamba jana usiku, mvua ikiwa bado inanyesha, vijana wawili walitoa mchanga kwenye kalavati, na akauliza kama tunaweza kumpatia daftari jingine, maana lile lilibakiza kurasa tatu.